Mpwa wangu, kabla hujaipenda ile sauti

Mpwa wangu,

Mama yako kanirushia ile video uliyoweka status: helikopta ya vita inashuka bondeni, inafyatua roketi, muziki juu. Chini umeandika "Nakuja". Haya. Umemaliza kidato cha sita, umerudi kutoka JKT umekonda kama mpini wa jembe, sasa ndoto ni urubani. Sikukatazi. Ila mjomba wako alikuwa Goma, mashariki mwa Kongo, mwaka 2013, dereva wa lori la maji, na dereva wa maji huona mengi kwa sababu kila mtu humwita.

Tulikwenda kwa azimio namba 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Machi mwaka ule: Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, brigedi moja iliyoruhusiwa kushambulia, si kulinda mageti tu. Helikopta za kwanza kuziona zilikuwa Mi-24 za Waukraine, nyeupe, zimeandikwa UN ubavuni. Baadaye Waafrika Kusini wakaleta tatu za kwao, Rooivalk, yaani kipanga mwekundu. Nchi nzima walitengeneza 12 tu za kazi. Ndani ni watu wawili, mmoja nyuma ya mwenzake. Mzinga wa milimita 20 uko chini ya pua na unafuata kofia: mtu akigeuza kichwa, mdomo wa mzinga nao unageuka. Hapo ndipo ulipopenda, nakujua.

Sasa sikia ambacho video haionyeshi. Uzito.

Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na vita vilikuwa milimani, juu zaidi. Kule hewa ni nyepesi. Panga la helikopta linazunguka vilevile, injini inanguruma vilevile, lakini hewa ya kushikilia ni kidogo, na jua la mchana likiwaka inapungua tena. Kwa hiyo mzigo ambao helikopta ingeuinua pale Dar bila shida, kule unapunguzwa. Utatoa nini? Ukipunguza mafuta, hukai juu muda mrefu. Ukipunguza roketi, umekwenda kutazama mandhari. Watu wanakaa na kalamu na karatasi kabla hata injini haijawashwa, na ukikosea hesabu mlima haukusubiri usahihishe. Wewe hisabati ulipata ngapi vile? Basi.

Halafu kungoja. Asubuhi ukungu umelala juu ya vilima, sisi chini tunajua zipo, ila haziji, kwa sababu haoni mtu. Nilipeleka maji pale zinapoegeshwa nikamkuta fundi mmoja anapitisha vidole kwenye panga, polepole, toka shinani hadi nchani, macho kafumba. Anatafuta ufa. Nilimaliza kushusha maji yote, bado yuko panga lilelile. Nilikuwa na dagaa wa kukaanga, nikampa. Alikula na vichwa. Nadhani walikuwa wa kwetu. Dagaa wa Kirumba wanafika Kongo kuliko sisi wenyewe.

Tarehe 4 Novemba Rooivalk zikapiga mahandaki ya M23, wale waasi tuliokuwa tunapigana nao, kule Chanzu, na kesho yake M23 wakatangaza wameacha vita. Kambini watu wakaimba kwamba helikopta zimemaliza kazi. Mimi nilikuwa nimebeba maji ya askari wa miguu waliopanda vile vilima kwa wiki kadhaa, wa kwetu na wa jeshi la Kongo, sikuimba sana. Na hazikumaliza. M23 walirudi, na tarehe 29 Machi 2022 helikopta ya Wapakistani wa UN ikaanguka maeneo hayohayo ya Chanzu na watu wote wanane waliokuwamo. Hao walikwenda kuangalia hali tu.

Jambo jingine kamuulize bibi yako. Machi 1979 ndege ya Libya, imetumwa kumsaidia Idi Amin, ilikuja kupiga bohari la mafuta hapa Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala. Sisi tunaisimulia tukicheka. Lakini jaribu kuihamishia Goma: huku wetu, kule adui, katikati bibi na mbuzi wake anahama, na wewe uko juu na kofia yako inayogeuza mzinga. Sehemu kubwa ya mafunzo ya wale marubani ilikuwa hiyo, kujua nani yuko wapi chini. Redioni wanaulizana mara mbili, mara tatu, mpaka unachoka kusikiliza.

Jumamosi njoo mwaloni Kirumba saa kumi na mbili asubuhi, mitumbwi ya dagaa ikirudi. Kuna mzee mwenye boti ya bluu, hajawahi kuzama. Nataka umuulize anajuaje mzigo umetosha. Njoo na daftari, siyo simu. Na mwambie mama yako ile sufuria yake nitairudisha.

Mjomba wako,
Kirumba