YAH: MALALAMIKO KUHUSU KOSA KATIKA SURA YA INDIA YA KITABU CHENU CHA HISTORIA

Mhariri Mkuu,
Kampuni ya Uchapishaji wa Vitabu,
Dar es Salaam.

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari jijini Tanga, na muhula huu tumenunua nakala 40 za kitabu chenu. Humo mmeandika kwamba baada ya maasi ya 1857 dhidi ya utawala wao, Waingereza waliwaondoa wafalme wote wa India, wakaitawala nchi nzima wenyewe. Nilipopiga simu ofisini kwenu niliambiwa kuwa hilo ni jambo dogo. Si dogo hata kidogo.

Milki za wafalme wa Kihindi zilitwaliwa zaidi kabla ya maasi hayo. Gavana Mkuu wa Waingereza nchini India, Dalhousie, alizichukua milki za Satara, Jhansi na Nagpur kwa hoja kwamba watawala wa milki hizo walikufa bila mtoto wa kiume wa kuzaa, akiwakataa warithi wa kuasiliwa, na mwaka 1856 Awadh nayo ikatwaliwa kwa madai ya utawala mbaya. Uchungu huo ulichangia maasi yenyewe, ndiyo maana tangazo la Malkia Victoria la Novemba 1858 liliahidi kuheshimu mikataba iliyofungwa na watawala wa Kihindi. Hadi 1947 milki zao zilizidi 500, zikienea katika takriban sehemu mbili kwa tano za ardhi.

Sidai kwamba walikuwa huru. Mambo ya nje na ulinzi yalikuwa mikononi mwa Waingereza, na mwaka 1875 Malhar Rao, mtawala wa milki ya Baroda, aliuzuliwa nao. Hata hivyo mrithi wake, Sayajirao III, aliifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima mwaka 1906, wakati Waingereza hawakuwa wamefanya hivyo katika majimbo waliyoyatawala wenyewe. Mtu wa namna hii kitabu chenu kimemfuta kabisa.

Nasi watu wa pwani tunaguswa, kwa kuwa Wahindi wengi waliohamia Zanzibar katika karne ya 19 walitoka Kutch, milki iliyokuwa na mtawala wake mwenye cheo cha Rao. Mwanafunzi wangu ambaye wazee wake walitoka huko aliniuliza ni kipi cha kuamini, kitabu au simulizi za nyumbani kwao. Nilimjibu kuwa kitabu kimekosea.

Naomba mtutumie karatasi ya masahihisho kwa kila nakala kabla ya mitihani ya muhula, mrekebishe sura hiyo katika toleo lijalo, na mnijibu kwa maandishi ndani ya siku 14.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Historia,
Tanga.