Huyu nimshitaki kwa nani?

Ndugu Mhariri,

Kubishana mtandaoni na mtu usiyemjua kunachosha roho. Juzi nilieleza kwamba Serikali ya Umoja wa Kitaifa haikuteremka mbinguni: Wazanzibari waliipigia kura ya maoni Julai 31, 2010, na zaidi ya asilimia 66 wakasema ndiyo. Jamaa mmoja, picha ya simba, jina hana, akanijibu: "Wewe chama gani?" Nikamrudishia tarehe. Akahamia kwenye bei ya karafuu, kisha (astaghafirullah) kwa mama yangu.

Pale Jaws Corner, baraza yetu ya kahawa hapa Mji Mkongwe, watu hubishana mpaka kahawa ikapoa, lakini mwenye kutukana anajulikana mtoto wa nani, na hata Magharibi haijaadhiniwa habari zishafika kwao. Huyu wangu nimshitaki kwa nani?

Msomaji wako,
Mji Mkongwe, Unguja