Kundi la simu la ploti lisiwe la kodi na wezi pekee

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niwasemeshe wenye majengo, maajenti na wapangaji wenzangu wa Nairobi kuhusu haya makundi yetu ya WhatsApp ya ploti.

Karibu kila jengo la kukodisha huku Umoja, Kayole na Pipeline lina kundi lake. Lifungue utakuta mambo mawili tu: kodi na wezi. Mwezi ukianza ni kukumbushana kodi, kisha taarifa ya maji kukatika, kisha picha ya kijana iliyopigwa kutoka dirishani na swali chini yake: “Nani anamjua huyu?” Mengine yamefungwa kabisa, ajenti ndiye wa kuandika na mpangaji ni wa kusoma. Halafu tunalalamika kwamba mjini hakuna ujirani.

Mimi ni fundi wa cherehani. Chumba changu cha kazi kiko chini ya jengo, mlango unatazamana na ngazi, kwa hivyo wanaopanda na kushuka wote nawaona. Jengo hili halikosi kitu. Kuna fundi wa stima, kuna muuguzi wa zamu za usiku, kuna mwalimu wa hesabu, kuna mzee mwenye drili na ngazi ndefu ya chuma. Lakini mtu akitaka drili huenda kuikodi barabarani, maana hajui kwamba iko orofa moja juu ya kitanda chake.

Mama mboga wa langoni kwetu ndiye aliyeanzisha kundi la pili, mbali na lile la ajenti. Masharti yake ni machache. Unajiandikisha kwa jina lako na nambari ya mlango, na mpangaji mmoja anayekujua kwa sura anakudhamini. Wasaidizi wa nyumbani wamo kwa majina yao wenyewe, si “yule msichana wa mlango fulani”. Soja wa usiku ana kabambe, haiingii WhatsApp, kwa hivyo mama mboga humsomea ujumbe jioni anapofunga kibanda. Na pesa haziombwi kundini hata iweje. Aliye na shida ya pesa agonge mlango, aonekane. Wanaoniuliza kuhusu matapeli huwajibu kwa sharti hilo.

Ombi la kwanza, la yule muuguzi, nalikumbuka neno kwa neno: “Gesi imeniishia na maji ya ugali ndiyo yanachemka. Kuna mwenye meko ya kuazima hadi kesho?” Muda si muda nikaona mtungi wa kilo 6 ukishuka ngazi begani mwa mvulana wa shule, sare angali nayo. Kesho yake jioni ukapandishwa tena, na fungu la sukuma wiki limefungwa kwenye mshikio. Waliohusika walikuwa wameishi jengo moja miaka mingi bila kujuana jina. Siku hizi yule muuguzi akiingia zamu, mtoto wake hulala kwa yule mama wa mtungi. Sidhani angemwachia mtoto mtu ambaye hajawahi kumwazima hata kijiko.

Serikali ilipoleta Nyumba Kumi mwaka wa 2013, ilitutaka tujuane kwa ajili ya usalama. Nia ilikuwa njema. Ila kwa maoni yangu tulianzia mahali pagumu: tuliambiwa tuchunguzane kabla hatujasaidiana.

Matokeo ya kuchunguzana bila kujuana nimeyaona. Kuna kijana huniletea nyuzi na zipu kutoka Gikomba. Siku moja kundi la jengo jingine lilisambaza picha yake, begi jeusi mgongoni, wakamwita mwizi. Aliingia kwangu shati limechanika bega, midomo inamtetemeka, akaketi nyuma ya cherehani na hakutoka hadi giza lilipoingia. Hakuna aliyemgusa zaidi ya hapo, namshukuru Mungu. Sote tunajua katika jiji hili neno hilo likishatamkwa hakuna anayengoja ushahidi. Aliyeituma picha ile hajawahi kumwomba radhi.

Hata wenzetu wa ng’ambo limewakuta. Marekani kuna mtandao wa majirani uitwao Nextdoor, ulioanza 2011, ambapo anwani yako huthibitishwa kwanza. Pamoja na uthibitisho huo, watu weusi walikuwa wakiripotiwa kama washukiwa kwa kupita tu mtaani. Malalamiko yalipozidi, mwaka wa 2016 mtandao huo ulibadilisha fomu yake: anayetaja rangi ya mtu sharti aeleze pia mambo mengine, kama mavazi na alichokuwa akifanya. Swali la alichokuwa akifanya lingemwokoa kijana wangu. Alikuwa anatembea.

Na tusidhani kuaminiana kwa njia ya simu ni jambo la kigeni. Gatina, kule Kawangware, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia Gatina-Pesa mwaka wa 2014, wakifuata Bangla-Pesa ya Mombasa ya mwaka uliotangulia. Zilikuwa vocha za karatasi za kununuliana mboga, maji na huduma pesa taslimu zinapoadimika. Muuza maji aliipokea vocha kwa kuwa alijua kinyozi naye ataipokea. Baadaye vocha zikahamia kwenye simu kwa jina la Sarafu, na hata mwenye kabambe aliweza kuzitumia. Waliojenga imani hiyo ni watu wa kipato kidogo, wa mitaa kama yetu.

Kwa hivyo nawaomba wasimamizi wa makundi: picha ya mtu isisambazwe kabla soja na mama mboga hawajaulizwa kama wanamjua, na picha ya mtoto isisambazwe kabisa. Nawaomba pia wapangaji wenye drili, pasi, pampu ya baiskeli au saa moja ya kumfundisha mtoto hesabu, waseme wanavyo.

Na kwa ajenti wetu, najua gazeti hili hulisoma: kundi la kodi endelea nalo. Tulikuomba ruhusa ya kubandika nambari ya kundi la majirani kando ya mita za stima, ili mpangaji mpya aione siku anayohamia. Bado tunangoja jibu lako.

Fundi wa cherehani,
Umoja, Nairobi