Rangi Inabanduka Chini ya Ukuta? Usipake Nyingine Kwanza

Rangi ikivimba futi moja au mbili kutoka sakafuni, ukipitisha kidole ukapata unga mweupe, hiyo ni chumvi. Maji ya ardhini hupanda kupitia vitundu vya tofali na lipu, yakifika usoni mwa ukuta yanakauka na chumvi inabaki. Ikigandia nyuma ya rangi, inaisukuma mpaka ibanduke. Tofali lililofyatuliwa kwa mchanga wa ufukweni huwa na chumvi yake tangu mwanzo, ndiyo maana nyumba za pwani zinaumia zaidi.

Tafadhali usizibe kwa rangi ya mafuta wala vigae. Maji yakikosa pa kutokea yanazidi kupanda, na doa lililokuwa usawa wa goti utalikuta kiunoni.

Anza kwa kujua maji yanatoka wapi. Kata nailoni angavu, sentimita 50 kwa 50, ibandike ukutani kwa solotepu pande zote nne bila kuacha mwanya, iache saa 48. Matone yakiwa upande wa chumbani, shida ni unyevu wa hewa ya chumbani, na dawa yake ni kupitisha hewa. Yakiwa upande wa ukuta, unyevu umo ndani. Hapo, kama ukuta unapakana na bafu au jiko, funga koki zote, soma mita ya maji, kisha isome tena baada ya saa 2. Namba ikisogea, kuna bomba linavuja. Usihangaike na msingi.

Mita ikitulia, toka nje. Nailoni inayolazwa juu ya msingi kuzuia maji yasipande ukutani, ambayo mafundi huiita DPC, inatakiwa iwe angalau sentimita 15 juu ya ardhi. Mara nyingi ipo na ni nzima, ila kifusi au pevingi za uani zimepandishwa zikaifunika, maji yanairuka. Kushusha ardhi hiyo na kuipa mteremko wa kukimbia ukuta ni kazi ya kwanza, na ni nafuu kuliko zote. Kama nailoni haikuwekwa kabisa, tunatoboa kiungo cha chini cha tofali kwa matundu ya milimita 12, kila baada ya sentimita 12, na kujaza krimu ya kuzuia maji.

Kisha bandua lipu mpaka sentimita 50 juu ya mstari wa unyevu. Chumvi isugue kwa brashi kavu. Ukiiosha, inayeyuka na kurudi ndani ya tofali. Ukuta uachwe wazi ukauke: kwa makadirio ya mafundi, mwezi 1 kwa kila inchi ya unene, hivyo tofali za inchi 6 huchukua kama miezi 6. Ni muda mrefu, tunajua, lakini anayeharakisha hapa hulipia lipu mara mbili. Lipu mpya iwe saruji 1, chokaa 1, mchanga wa mto 6, juu yake rangi ya maji.

Nyumba za mawe ya matumbawe, kama za Mji Mkongwe na Lamu, zisitiwe saruji kabisa. Tumia chokaa 1 kwa mchanga 3, kisha upake chokaa, ukuta upate kupumua.