Rangi za filamu moja kwa moja kwenye kamera, na kwa nini resipe za mtandaoni hazikubali ngozi zetu

Swali tunaloulizwa sana dukani siku hizi si la lenzi wala la bei. Mteja anaingia na simu mkononi, anafungua picha aliyoihifadhi, anasema, "Kaka, nataka kamera yangu itoe hivi." Picha yenyewe mara nyingi ni ileile: weupe uliotulia, kijani kilichofifia kidogo, ngozi yenye joto, chembechembe kwa mbali, mfano wa zile picha za albamu ya nyumbani za miaka ya tisini. Na anaitaka bila kukaa kwenye kompyuta, kwa sababu ana sendofu Ijumaa usiku na Jumamosi asubuhi bibi harusi ataanza kuulizia picha zake.

Inawezekana. Na kwa kamera nyingi mlizo nazo, inawezekana bila kununua kitu chochote.

Unapobonyeza kitufe, sensa hukusanya mwanga tu. Prosesa iliyo ndani ya kamera ndiyo huamua nyekundu ikolee kiasi gani, kivuli kizame hadi wapi, ngozi ielekee njano au wekundu, kisha huandika faili la JPEG. Uamuzi huo wote una mahali pake kwenye menyu. Canon huita Picture Style, na ilianza na EOS 5D ya kwanza mwaka 2005. Nikon huita Picture Control. Sony walikuwa na Creative Style, na kuanzia a7S III ya mwaka 2020 wana Creative Look. Fujifilm huita Film Simulation. Ukipiga RAW (data ghafi ya sensa) peke yake, programu nyingi za kuhariri hazitafuata mipangilio hiyo. Utaiona nyuma ya kamera kisha ikupotee ukifika nyumbani. Ndiyo maana tunamshauri kila mteja apige RAW na JPEG pamoja. JPEG ya kukabidhi haraka, RAW ya akiba, siku mambo yakienda kombo.

Fujifilm ndio wanaotajwa zaidi kwenye habari hii, na wana haki. Kampuni ilianza mwaka 1934 ikitengeneza filamu, na majina unayoyaona kwenye menyu ya kamera zao, Provia, Velvia, Astia, Acros, yalikuwa majina ya filamu halisi zilizouzwa kwenye vikasha. Velvia ilitoka mwaka 1990, filamu ya slaidi yenye rangi kali, wapiga picha wa mandhari wakaing'ang'ania. Classic Chrome ilikuja mwaka 2014 na kamera ya X30, Classic Negative ikaja na X-Pro3 mwaka 2019. Kwa hiyo mtu mwenye X-T30 au X100V anaanza safari akiwa karibu na mwisho. Lakini wateja wetu wengi wana Canon zilizokwisha kutumika, 700D, 6D, 5D Mark III, na makala hii ni yao kwanza.

Kabla ya kugusa menyu, elewa filamu ilikuwa inafanya nini. Filamu ya negativu ilivumilia mwanga mwingi: ukizidisha, weupe wa shela au wa kanzu ulififia taratibu bila kukatika ghafla. Sensa ni kinyume. Weupe ukipita kikomo, hapo hakuna tena kitu cha kurudisha. Jambo la pili, filamu haikuwa na rangi ya kujirekebisha yenyewe. Ile ya kawaida ilitengenezwa kwa ajili ya mwanga wa mchana, kwa hiyo ukiipeleka jioni ilitoa rangi za jioni, na chini ya balbu ya njano ilitoa njano. Kamera yako ikiwa kwenye AWB, yaani WB (White Balance, mizani ya weupe) inayojirekebisha yenyewe, kila picha inapewa hukumu yake. Bibi harusi anageuka kidogo, ukuta wa nyuma unabadilika, na ngozi yake inabadilika rangi kati ya picha na picha. Hicho peke yake huvunja hisia ya filamu kuliko kitu kingine chochote. Toa AWB, weka alama ya jua. Kwa Canon hiyo ni Kelvin 5200, Kelvin ikiwa kipimo cha rangi ya mwanga. Wengi wakifanya hili tu, nusu ya walichokuwa wanakitafuta huwa wamekipata.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo limetufanya tuandike.

Resipe zinazosambazwa mtandaoni, "weka kivuli +2, weka kontrasti juu, punguza rangi", nyingi zimetengenezwa na watu wanaopiga mitaa ya Ulaya, Marekani au Japani, kwenye mwanga wa pembeni na kwenye ngozi nyeupe. Ukizichukua kama zilivyo ukapiga Kigamboni saa saba mchana, uso wa mtu mweusi unageuka kuwa doa. Macho yanazama, taya linapotea, ngozi iliyokuwa na kahawia tatu au nne inabaki na moja ya kijivu. Mteja anadhani kamera ni mbovu. Kamera ni nzima.

Tatizo hili lina historia ndefu kuliko kamera za dijitali. Kodak walikuwa wakipeleka kwenye maabara za kusafishia picha kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu. Zikaitwa kadi za Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyekuwa mmoja wa wanamitindo wa mwanzo. Fundi alirekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley ionekane sawa, na ngozi nyingine zote zikafuata humo humo. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameifuatilia habari hii kwa kina, na anaeleza kwamba msukumo mkubwa wa kurekebisha filamu ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha waliolalamika kwamba rangi zao za kahawia hazitofautiani kwenye picha. Baadaye, miaka ya tisini, kadi zenye wanawake wa rangi tofauti zikatoka. Kwa hiyo unapoomba "rangi za filamu", jiulize unataka kipi cha filamu. Utulivu wa weupe, joto la rangi, ulaini, sawa. Vivuli vilivyofunga usoni, hapana. Hicho hatukiweki kwenye kamera ya mteja wetu hata akileta resipe yenye sifa kubwa namna gani.

Kwa Canon tunaanza hivi. Ingia Picture Style, shuka hadi User Def. 1, uijenge juu ya Neutral. Usijenge juu ya Standard, kwa sababu tayari ina kontrasti ya kutosha. Ukali, yaani Sharpness, uweke chini, 1 au 2. Filamu haikuwa na ile mistari myembamba inayochorwa kuzunguka nywele na kope. Kontrasti −2. Ukolezo wa rangi +1, maana Neutral hufubaza, na vitenge havistahili kufubazwa. Color Tone iache 0 au −1: ukienda hasi ngozi inapata wekundu, ukienda chanya inapata njano, na ngozi nyeusi chini ya jua letu tayari inapokea njano ya kutosha.

Kisha WB, alama ya jua, halafu WB Shift. Pale utaona gridi yenye herufi B, A, G na M. Sogeza A3, M1. A ni joto la kaharabu, M ni uzambarau-wekundu unaofuta kijani. Hiyo M1 ndogo tunaipenda sana. Mwangalie mtu aliyesimama chini ya mwembe saa sita: jua linapita kwenye majani, linatua kwenye shavu na chini ya kidevu likiwa na kijani, na ngozi ya kahawia ikiguswa na kijani huonekana ya mgonjwa. M1 huitoa. Mti ukiwa mzito, M3. Maturubai nayo yana kesi zake. Chini ya turubai la bluu A3 haitoshi, nenda A6 au uweke alama ya kivuli, Kelvin 7000. Chini ya lile jekundu la sherehe hakuna gridi itakayokuokoa. Msogeze mtu pembeni, karibu na mwanga wa nje.

Zima Auto Lighting Optimizer. Inanyanyua vivuli kwa kubahatisha, picha moja sana, nyingine kidogo, na mfululizo wako unakosa umoja. Badala yake washa Highlight Tone Priority. Alama ya D+ itatokea kwenye skrini na ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, haitashuka chini ya 200. Hiyo hutunza maungio ya shela jeupe na kanzu. Kisha ongeza mwanga kwa theluthi mbili za stopu (kipimo cha mwanga) pale nguo nyeupe inapojaza fremu, maana kipimo cha kamera kikiona weupe mwingi hupunguza mwanga wote, na wa kwanza kuumia ni uso. Angalia sehemu zinazopepesa nyuma ya kamera, yaani weupe uliopita kikomo. Shela likipepesa kidogo kwenye ncha si neno. Likipepesa kifuani, rudisha.

Wenye Fujifilm, mwanzo wetu ni Pro Neg Std au Astia kwa watu, na Classic Chrome tunaibakiza kwa mitaa, bandari na magari. DR400 (Dynamic Range, ya kutunza weupe), Highlight −1, Shadow −2, Color +2, WB ya mchana na R (nyekundu) +2, B (bluu) −3, Grain (chembechembe) Weak na saizi ndogo kama kamera yako inayo, Noise Reduction −4. Kumbuka kwamba kwenye kamera hizi Shadow ya hasi ndiyo inayofungua kivuli. Wengi huelewa kinyume. DR400 huwa inahitaji ISO ya juu kidogo: kwenye X-T30 au X100V ni kuanzia 640, kwenye X-T2 ni 800. Kamera ikikukatalia DR400, angalia ISO kwanza kabla ya kutupigia. Na kwenye modeli za zamani kama X-T2, R na B hazihifadhiwi ndani ya C1 hadi C7 (nafasi za kuhifadhi mipangilio), zinakaa na aina ya WB. Tunachofanya ni kuipa kila resipe aina yake ya WB, mmoja jua, mwingine kivuli, ili zisigombane.

Nikon na Sony mantiki ni ileile, majina tofauti: anza na Neutral au Flat, shusha ukali, funga WB, zima kinachojirekebisha chenyewe.

Nyeusi na nyeupe inastahili zaidi ya dakika mbili. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1930, na picha za nyeusi na nyeupe za studio ile bado watu huenda kuziona. Ukitaka kukaribia hali hiyo na Canon, chagua Monochrome, kontrasti 0, na kwenye Filter Effect weka Or, yaani chungwa. Filta ya chungwa huangaza kahawia na wekundu wa ngozi kwa kiasi, na kuitia anga uzito. Nyekundu huangaza mno, unapoteza umbile la ngozi. Ya kijani inaitia ngozi giza. Iepuke kwa picha za watu. Hapa ndipo chembechembe zinapendeza hata kama kamera haina mpangilio wa Grain: panda ISO 1600, zima High ISO speed NR, inayofuta chembechembe. Kwa rangi hatushauri hivyo, kwa sababu kelele ya sensa huja na madoadoa ya kijani na zambarau kwenye vivuli, na filamu haikuwa hivyo.

Na wale wanaotaka ile hali ya albamu ya nyumbani, usiku, ukumbini, keki mbele: siri kubwa ni flashi ndogo ya mbele, iliyonyooka. Rangi yake iko karibu na ya mchana, kwa hiyo WB ya jua inakaa vizuri, uso unatoka safi na taa za nyuma zinabaki njano. Shusha nguvu ya flashi kwa theluthi mbili ya stopu ili kipaji cha uso kisimetemete.

Huduma yetu ni hii: tunakaa na kamera yako, tunakuwekea mionekano mitatu kwenye User Def. au C zako, mmoja wa mchana, mmoja wa ukumbini, mmoja wa nyeusi na nyeupe. Aliyenunua kamera kwetu halipi. Wengine tunakubaliana dukani, na bei haizidi ile ya kadi ya kumbukumbu. Vipimo tunakuandikia kwenye karatasi, maana ukibonyeza kwa bahati mbaya kile kipengele cha kufuta mipangilio yote, kila kitu kitaondoka na utahitaji kuvirudisha mwenyewe.

Njoo na betri iliyojaa, kadi uliyokwisha kuhamisha picha zake, na picha mbili tatu unazozipenda. Ukiweza, njoo na mtu wa kupiga, ndugu au rafiki, tupime kwenye ngozi halisi pale nje ya mlango badala ya kukisia kwenye skrini. Jumamosi tunazidiwa na watu wa harusi, kwa hiyo Jumanne hadi Alhamisi ni nafuu kwako na kwetu.