Anti, miaka saba nasuka leo naambiwa mi ni msusi tu, niende chuo?

Shikamoo Anti. Nakuandikia saa tisa na nusu usiku, mtoto kalala, baba yake hajarudi na bajaji, mi usingizi umekataa kabisa. Nimeona nikuandikie wewe maana nikimwambia mtu wa huku mtaani kesho asubuhi itamfikia mwenye saluni ninayosukia.

Mwenye saluni ni mama mdogo. Ndo aliyenilea baada ya mama kufariki, nimekula kwake, form four nimemalizia kwake, kwahiyo naomba usinielewe vibaya, simsemi. Ila Anti kwa alichonifanyia Jumamosi, sijui.

Miaka saba niko pale Sinza. Rasta, yeboyebo, wiving, kuretachi dawa nywele zikiota, vyote nafanya mimi, kidole gumba cha kulia kimeota sugu hapa pembeni kwa kuvuta nywele, kuna wateja wanapanda daladala mbili kutoka Mbagala wananifuata mimi sio saluni. Tunagawana nusu kwa nusu, mwezi ukiwa mzuri napata kama 320,000. Sijawahi kulalamika.

Sasa miezi mitatu iliyopita kaletwa binti katoka chuo cha urembo, ana cheti. Rasta hajui Anti, mistari inapinda, mi ndo namfumulia nasuka upya wateja wasione. Jumamosi kukawa na bibi harusi, huyo dada nimemsuka tangu yuko sekondari, kichwa chake nakijua mpaka kovu lilipo. Mama yake akauliza mekapu anapaka nani, nikajua nitatajwa mimi maana nimejifunza miaka yote hii kwa kuangalia. Mama mdogo akasema mbele ya watu wote, "Kuna huyu amesoma, huyu mwingine ni msusi tu, atashika kioo."

Nikashika kioo Anti. Saa nzima na dakika ishirini, mikono inatetemeka, yule binti anauliza mwanga unatosha. Msusi tu. Mtu amenifundisha yeye mwenyewe kushika chanuo nikiwa na miaka kumi na tisa, leo mi ni msusi tu.

Basi nimeenda kuulizia chuo, sio kwa sababu ya hasira, nilikuwa na wazo hilo siku nyingi. Miezi sita, ada 1,100,000, boksi la vifaa 350,000, sare 70,000. Nauli na chakula tuseme 3,000 kwa siku, siku tano kwa wiki, inafika 390,000. Hapo ni 1,910,000. Kikoba nina 2,100,000 kwahiyo inatosha, nikafurahi. Usiku ndo nikakumbuka kwamba miezi sita hiyo sisuki, nakosa karibu 1,920,000 nyingine. Jumla inakuja 3,830,000 Anti. Nimepiga kwenye simu mara nne inakuja hiyohiyo.

Na yule binti analipwa mshahara 350,000. Yani tofauti na mimi ni 30,000! Ila bibi harusi mmoja wakilipa 150,000 yeye anachukua 50,000, wakija wanne kwa mwezi ni laki mbili. Kwahiyo cheti kingeniongezea kama 230,000 kwa mwezi, mwaka na nusu hivi hela yangu inarudi. Lakini mabibi harusi sio mwaka mzima, Ramadhani hamna, Kwaresma hamna, sasa hapo ni miaka mingapi? Mume wangu anasema achana na chuo, chukua fremu ufungue saluni yako. Fremu ni 150,000, mwenye nyumba anataka miezi sita yote mkononi, bado draya, sinki na leseni. Ile mikopo ya halmashauri, ya asilimia kumi ya mapato yao, haina riba lakini mpaka muwe kikundi, na wenzangu wote wako kwa mama mdogo.

Nimeangalia na VETA, vile vyuo vya ufundi vya serikali. Ada ya kutwa 60,000 kwa mwaka, rahisi mno, ila ni kozi ndefu na kuingia mpaka Januari. Mteja wangu mmoja mwalimu kaniambia pia wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, mtu aliyejifunzia kazini anapimwa, akionekana anaweza anapewa cheti bila kukaa darasani upya. Hilo nimelipenda sana. Lakini hapo wangepima kusuka, ambako mi najijua. Mi nataka mekapu. Au nataka tu nisiitwe vile, sijui Anti.

Kuna kitu kimoja ngoja nikiseme, maana sitaki uone namchukia yule binti. Wiki mbili zilizopita niliretachi mteja, dawa ikamuunguza juu ya sikio, akapiga kelele. Binti akaja taratibu akaniuliza, "Dada, alikuwa amejikuna? Ulimpaka mafuta kwanza pembeni?" Sikumpaka, miaka yote napaka nikikumbuka tu. Alinieleza dawa inavyofanya kwenye ngozi iliyochubuka, hayo hakuna aliyewahi kuniambia, hata mama mdogo hajui. Siku ile nilitamani kusoma kweli.

Sasa Anti usinigombeze. Nimeshalipa. Juzi nimetoa 400,000 awamu ya kwanza, baba yake anajua hela ya kikoba iko palepale. Risiti imeandikwa hairudishwi. Nilivyoulizia usajili wa NACTVET, lile baraza la serikali linalosajili vyuo, wakasema nitaonyeshwa, mpaka leo sijauona, na roho inanidunda kwamba nikimaliza napewa karatasi ambayo hata mama mdogo ataicheka.

Maana ndo hapo penyewe, nitaenda, nitamaliza, nikirudi na cheti mbele ya wateja walewale akisema tena msusi tu nitafanya nini? Na nisiporudi kwake watu watasema nimemtupa aliyenilea. Mi sitaki kuondoka pale. Lakini sitaki kurudi hata kesho.

Saa nne usiku kanitumia meseji, Jumamosi nifike saa kumi na moja alfajiri, kuna bibi harusi na wapambe wanne wa kuosha na kuseti, "na utamsaidia mwenzio kioo." Chuo kinaanza Jumatatu. Meseji sijaijibu mpaka sasa hivi, nimjibu nini Anti?