Kabla ya kusaini fomu ya upasuaji wa moyo, tuelezwe hatari zote mbili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jinsi familia nyingi zinavyofikia uamuzi mgonjwa wao anaposhauriwa kufanyiwa upasuaji wa kuvuna mishipa ya damu sehemu nyingine ya mwili na kuipandikiza kwenye moyo, ili damu ipite kando ya mishipa ya moyo iliyoziba. Tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ianzishwe mwaka 2015, matibabu ambayo zamani wagonjwa wetu waliyafuata India yanapatikana hapa hapa Dar es Salaam, na sote tunajivunia hilo. Maelezo anayopewa mgonjwa kabla ya kukubali ndiyo ambayo bado hayatoshi.

Nimekuwa muuguzi wa wodi za upasuaji hadi nilipostaafu, na nimekaa katika vikao vingi vya familia. Mtoto mkubwa huuliza, "Daktari, mzee atapona?" naye daktari hujibu kwamba watajitahidi na Mungu yupo. Hapo baba mdogo husema mzee aachwe apumzike maana atafia mezani, shangazi huanza kulia, na mgonjwa mwenyewe, mwenye akili zake timamu, amelala anasikiliza bila mtu kumuuliza anataka nini. Fomu huletwa jioni, na asubuhi yake anaingizwa chumba cha upasuaji.

Baba mdogo hakosei kuogopa, ila hofu yake inaona upande mmoja tu. Upasuaji una hatari ya kifo, kiharusi, kutokwa damu nyingi, figo kushindwa kazi na kidonda cha kifuani kupata maambukizi. Kutofanyiwa upasuaji nako kuna hatari zake, na mtu ambaye mshipa mkuu wa kushoto wa moyo umeziba kwa kiasi kikubwa, au mwenye mishipa mitatu iliyoziba huku moyo wake umeanza kuchoka, anaweza kuwa katika hatari kubwa zaidi akibaki nyumbani kuliko akipanda mezani. Yupo pia mgonjwa ambaye maumivu yake yametulia kwa dawa na ambaye kuzibua mishipa hakutamwongezea miaka ya kuishi, naye ana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi. Hatari hizi mbili zikiwekwa pamoja mbele ya familia, mabishano hupungua, kwa sababu kila mtu anajua anachokipima.

Vipimo vya kukadiria hatari ya upasuaji vipo. Kimojawapo, kikokotoo kiitwacho EuroSCORE II, huangalia umri, utendaji wa figo, nguvu ya moyo ya kusukuma damu, ugonjwa wa mapafu, kisukari kinachotibiwa kwa insulini na kama upasuaji ni wa dharura, kisha hutoa asilimia ya uwezekano wa mgonjwa kufariki. Kilitengenezwa kwa takwimu za wagonjwa ambao wengi walitibiwa Ulaya, kwa hiyo tarakimu yake haiwezi kuchukuliwa kama hukumu kwa mgonjwa wa Temeke au Tabora. Hata hivyo, makadirio yanayoelezwa pamoja na mipaka yake yanamsaidia mtu kuamua kuliko neno "tutajitahidi".

Nitoe mfano wa wagonjwa wa kisukari, ambao tunao wengi. Utafiti wa FREEDOM, uliochapishwa mwaka 2012, ulihusisha wagonjwa 1,900 wa kisukari wenye mishipa zaidi ya mmoja iliyoziba. Baada ya miaka mitano, asilimia 10.9 ya waliofanyiwa upasuaji walikuwa wamefariki, wakati kwa waliowekewa stenti, yaani kijibomba cha kuuacha wazi mshipa ulioziba bila kupasuliwa kifua, ilikuwa asilimia 16.3. Kiharusi kilikwenda kinyume: asilimia 5.2 kwa upasuaji na 2.4 kwa stenti. Mtu mmoja atachagua miaka zaidi ya kuishi, na mwingine, aliyemuuguza mama yake aliyepooza upande mmoja, ataogopa kiharusi kuliko kifo. Uchaguzi huo ni wa mgonjwa. Kazi ya daktari wa moyo na daktari bingwa wa upasuaji ni kukaa pamoja, wakubaliane ushauri mmoja, ndipo waende kwake, badala ya kila mmoja kumvutia kwenye matibabu anayoyatoa yeye.

Hatari ya upasuaji pia inaweza kupunguzwa, na hapa ndipo ndugu wana kazi kubwa. Isipokuwa kwa dharura, wiki chache za maandalizi zina thamani: sukari idhibitiwe ili mfupa wa kifua uunge na kidonda kisiote usaha, sigara iachwe kabisa, meno yaliyooza yatibiwe, upungufu wa damu ushughulikiwe na watu wa kuchangia damu wapatikane mapema. Mgonjwa afundishwe kupumua kwa kina na kukohoa huku amekumbatia mto kifuani, kwani atahitaji kufanya hivyo siku ya kwanza tu akitolewa mashine ya kupumulia. Dawa zote zitajwe, za mitishamba zikiwemo. Klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida husimamishwa takribani siku tano kabla ya upasuaji, ilhali aspirini mara nyingi huendelea, lakini mtu asijisimamishie dawa yoyote bila agizo la daktari wake.

Naiomba Wizara ya Afya iagize kwamba, pasipokuwa na dharura, maelezo haya yatolewe siku kadhaa kabla ya upasuaji, kwa Kiswahili, mgonjwa akiwepo na akiulizwa yeye kwanza. Naomba pia kila hospitali inayofanya upasuaji huu itangaze matokeo yake kila mwaka, yaani waliofanyiwa, waliofariki ndani ya siku 30, waliopata kiharusi na waliorudishwa mezani kwa sababu ya kutokwa damu, ili daktari anapoulizwa kama mzee atapona ajibu kwa takwimu za hospitali yake mwenyewe.

Muuguzi mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam